Somo: Kumchunguza msimulizi anayesema "sisi" katika "A Rose for Emily"

Hadithi fupi ya William Faulkner, iliyochapishwa mwaka 1930, ina jumba lililochakaa, mwanamke aliyejifungia humo na chumba kisichoonwa na mtu kwa miaka 40. Hata hivyo, kinachoibeba ni nafsi ya kwanza wingi, yaani sauti ya mji wa Jefferson ukimzungumzia Emily Grierson.

Hatua ya 1. Isome hadithi yote, kisha irudie ukipigia mstari kila "sisi" na kila "wao".

Hatua ya 2. Andika pembeni tendo linaloambatana na kila nafsi. Hapa ndipo penye utamu. Wanaomhurumia Emily, wanaomsengenya na kubashiri kwamba atajiua ni "sisi". Lakini wanaonyunyiza chokaa usiku wa manane kwa sababu ya harufu mbaya ya nyumba ya Emily ni wanaume wanne wasiotajwa majina, na wanaofungua kwa nguvu chumba cha juu baada ya mazishi ya Emily ni "wao". Mlango ukishavunjwa, "sisi" hurudi mara moja kuitazama maiti ya Homer Barron, mpenzi wa Emily. Kwa maoni yangu, msimulizi anataka kuona kila kitu bila kuhesabiwa miongoni mwa waliovunja.

Hatua ya 3. Tenganisha anachokijua na anachokikisia. Ananukuu mazungumzo ya Emily na mwuza dawa kuhusu arseniki, yaani sumu, kana kwamba alikuwepo dukani, ilhali haingii kamwe katika mawazo ya Emily. Kwa hiyo tusimwite msimulizi maizi, yaani anayejua yote, hata mawazo ya wahusika.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, msimulizi ni mwanamume au mwanamke?

Jibu: Hadithi haisemi. Mwanzoni anaeleza kwamba wanaume walihudhuria mazishi kwa heshima na wanawake kwa udadisi, wala hajiweki upande wowote.

Swali: Mtumishi Tobe ndiye aliyekuwa ndani miaka yote. Mbona hasimulii yeye?

Jibu: Angesimulia yeye, siri isingefika ukurasa wa pili. Zaidi ya hayo, "sisi" ya mji huu ni ya Wazungu, na Tobe, mtu mweusi, hamo ndani yake. Emily anapokufa, Tobe anawafungulia wanawake mlango wa mbele, anapita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, anatoka, na haonekani tena.