Ulaya kwa treni, kutoka Amsterdam hadi Roma: jinsi ya kuipanga safari

Mama mdogo alinipigia simu kutoka Moshi. Amestaafu ualimu, kiinua mgongo kimeingia, na anataka yeye na binti yake waone Ulaya wakati magoti bado yanamkubalia. Mimi naishi Köln na treni ndiyo usafiri wangu wa kila siku, kwa hiyo kazi ya kupanga ikawa yangu. Fuata mpangilio huu kama ulivyo. Ukianza na tiketi kabla ya viza, utapoteza pesa.

Hatua ya 1: Anza na siku isiyosogezeka

Kwa mama mdogo siku hiyo ilikuwa Jumatano, kwa sababu alitaka kuhudhuria katekesi ya Papa, na kwa kawaida hufanyika Jumatano asubuhi. Basi Roma ikawa kituo cha mwisho, nasi tukahesabu kurudi nyuma. Safari yako inaweza kuwa na harusi, mechi au sikukuu. Iweke hiyo kwanza.

Tafuta ndege ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, unafika Amsterdam bila kubadilisha ndege, kwa hiyo waliingilia huko na kutokea Roma. Ukikata tiketi ya kwenda na kurudi Amsterdam, utatumia siku nzima kurudia njia uliyokwisha kuiona.

Hatua ya 2: Hesabu usiku, ndipo uende ubalozini

Mgawanyo wetu ulikuwa huu: Amsterdam usiku 3, Paris 4, Zürich 2, Firenze 2, Roma 4. Mama mdogo alikuwa tayari kupeleka maombi kwa Waholanzi kwa sababu ndege inatua kwao. Sivyo. Viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, huombwa katika nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na Firenze na Roma kwa pamoja ni usiku 6, kwa hiyo maombi yalikwenda Italia. Nchi zikilingana siku, ndipo unaomba kwa ile utakayoingilia. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kwa hiyo viza hiyohiyo inatosha. Uingereza haimo kabisa. Ukiongeza London, unahitaji viza nyingine.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Hoteli, chagua zinazokubali kughairi bila malipo. Tiketi za treni usinunue bado. Andika tu njia na tarehe kwenye ratiba unayowasilisha.

Hatua ya 3: Pasi ya reli au tiketi mojamoja

Hapa ndipo watu wengi hupotea, nami nilipotea kabla yao.

Kuna pasi inayokuruhusu kupanda treni za nchi 33 kwa idadi ya siku ulizolipia. Kwa anayeishi nje ya Ulaya inaitwa Eurail. Kwa sisi wakazi wa huku inaitwa Interrail. Matangazo yake yanakufanya uamini kwamba ukiwa nayo unapanda treni yoyote. Ukweli ni kwamba pasi inalipia safari, hailipii kiti. Treni nyingi za kasi za Ufaransa, Italia na Hispania, na zile za kasi kati ya Amsterdam, Brussels na Paris, hazikupokei bila kiti ulichoweka mapema na kukilipia pembeni. Tena viti vya wenye pasi huwa na kiwango chake. Treni inaweza kuwa na nafasi tele kwa wanaonunua tiketi ya kawaida, na kwako wewe mwenye pasi ikawa imejaa.

Mwaka wangu wa pili huku nilisimama jukwaani Amsterdam saa tatu asubuhi, begi mgongoni, pasi mkononi, nikiwa na miadi Paris jioni. Kiti sina. Niliulizia treni inayofuata, kisha nyingine: viti vya pasi vimekwisha, vinapatikana keshokutwa. Nikaenda kwa treni za kawaida: Brussels, Tournai, Lille, Amiens, kisha Paris. Njia ambayo treni ya kasi hutumia kama saa tatu na nusu ilinila siku nzima, nikafika Gare du Nord giza limeshaingia.

Kwa hiyo, kabla hujalipia pasi, chukua karatasi uorodheshe kila safari na uandike pembeni kama kiti ni lazima. Ya mama mdogo ilitoka hivi: Amsterdam–Paris, lazima. Paris–Zürich, lazima. Zürich–Milano, lazima. Milano–Firenze kwa treni ya kasi, lazima. Firenze–Roma, vilevile. Angelipia pasi, kisha alipie viti vitano. Tukaiacha, tukanunua tiketi mojamoja, na kwa njia ya namna hii sitamshauri mtu vinginevyo.

Pasi inafaa ukizunguka Ujerumani, Austria, Uswisi, Ubelgiji na Uholanzi, ambako treni nyingi za ndani unapanda tu na kukaa. Inafaa pia ukiwa na watoto wa miaka 4 hadi 11, maana husafiri bure na mtu mzima mwenye pasi. Ila Italo, kampuni ya pili ya treni za kasi Italia, haiikubali.

Viza ilipotoka tu, tulinunua tiketi jioni ileile. Za kasi hupanda bei kadiri siku zinavyosogea, na zile nafuu zimefungwa kwenye treni moja: ikikuacha, tiketi imekufa. Ratiba natazama kwenye DB Navigator, programu ya simu ya shirika la reli la Ujerumani, inaonyesha karibu Ulaya nzima, lakini tiketi nanunua kwa shirika lenyewe linaloendesha treni. Siku mambo yakiharibika, unataka kuzungumza na mwenye treni, si na dalali.

Treni za mikoani, kama Firenze kwenda Pisa, nunua siku hiyohiyo. Bei haibadiliki. Tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda.

Hatua ya 4: Soma jina la stesheni mpaka mwisho

Florence kwenye ubao ni Firenze, na unayoitaka ni Firenze Santa Maria Novella. Venezia Mestre iko bara. Ya kisiwani ni Venezia Santa Lucia. Paris ndiyo yenye mtego mkubwa: kutoka Amsterdam unashukia Gare du Nord, kwenda Zürich unaondokea Gare de Lyon. Kati ya stesheni hizo mbili panda RER D, treni ya mjini, kituo cha pili unashuka.

Milano tuliacha saa nzima ya kubadilisha treni, kwa kuwa zilikuwa tiketi mbili tofauti.

Hatua ya 5: Geuza saa

Tiketi huandikwa kwa saa 24. Mama mdogo alisoma 19:05 akasema "saa tisa na dakika tano". Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika kando ya kila tiketi: 19:05, saa moja na dakika tano jioni, 13:30, saa saba na nusu mchana. Fanya hivyo kwa kila mzee unayemsafirisha, na kwako mwenyewe ukiwa umechoka.

Hatua ya 6: Jukwaani

Fika nusu saa kabla. Namba ya jukwaa Paris na Italia hutokea ubaoni dakika chache tu kabla ya treni kuondoka, kwa hiyo simama mahali unapouona ubao. Tazama namba ya behewa kwenye tiketi na usogee upande wake mapema. Treni hizi ni ndefu, na mama mdogo alikuwa na sanduku mbili.