UE inakuja na moyo unadunda, fanya hivi

Wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa semista chuoni, ikikaribia hosteli nzima watu hawalali, huyu tumbo linamkata, yule kasoma ukurasa mmoja mara tano hakiingii kitu anasema karogwa. Hujarogwa, ni hofu tu, mwili umemwaga adrenalini unajiandaa kukimbia au kupigana, na pepa ya stats haikimbiwi wala haipigwi.

Kwanza acha kusoma madesa, yaani notsi, kwa macho tu. Ukirudiarudia unajiona unajua, ukikuta karatasi nyeupe ndo unashangaa. Tafuta pasti pepa kwa CR, kiongozi wa darasa, au waliotangulia, zima simu, tega masaa matatu, fanya bila kufungua chochote. Utaumbuka, sawa, ila unaumbuka chumbani peke yako, na mwili ukishazoea saa inayokimbia siku yenyewe haushtuki sana.

Halafu hizo enaji drinki. Kafeini ya saa kumi jioni karibu nusu yake bado iko kwenye damu saa tatu usiku, na inaleta moyo kudunda na mikono kutetemeka, dalili zilezile za hofu, sasa utajuaje ipi ni ipi? Kukesha usiku wa kuamkia pepa mi naona ushamba, ubongo unapanga ulichosoma ukiwa umelala.

Asubuhi likwepe lile kundi la nje ya ukumbi, la "umepitia topiki ya sita?" Kaa pembeni dakika kumi uandike unachoogopa, sup yaani kurudia pepa, kudisko yaani kufukuzwa chuo, boom yaani hela ya mkopo kukatika, mzee nyumbani atasemaje. Ramirez na Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti wa hii kitu 2011, wenye hofu kubwa walioandika hivyo walifanya vizuri zaidi. Ukimaliza chana utupe, usije ukashikwa ndani una kikaratasi ukaanza kueleza mambo ya Chicago.

Ndani kichwa kikigoma weka kalamu chini, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, toa ukihesabu hadi sita, rudia mara kadhaa, ile kutoa taratibu ndo inatuliza moyo. Anza na swali unaloliweza hata kama ni la mwisho.

Ila kama UE imeisha na hofu bado ipo, hulali, unakwepa vipindi, hapo sio pepa tena. Nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi uombe ushauri nasaha, na kama unaumwa kweli omba kuahirisha kabla hujaingia, ukishafanya kujitetea ni kazi. Ukianza kuwaza kujidhuru mwambie mtu leoleo, rumeti, ndugu, au nenda hospitali. Wadogo zetu wa sekondari hapa Tanzania pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.