Nilikuwa nasukuma badala ya kuvuta: namna ya kufanya mazoezi ya sakafu ya nyonga

Miezi miwili nzima niliyafanya kinyume. Kila asubuhi nabana tumbo, nabana makalio, nazuia pumzi mpaka uso unawaka, na bado nikipiga chafya nguo ya ndani inalowa. Mtoto wangu wa pili alikuwa na miezi saba. Kukohoa kwenyewe nilikuwa nakohoa nimepishanisha miguu.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliona kosa kwa dakika chache. Aliniomba ruhusa kwanza (una haki ya kukataa, na anaweza kutazama kwa nje tu), akavaa glavu, akaingiza kidole ukeni na kuniambia nibane. "Mama, unanisukuma nje," akasema. Kwa nguvu ya mbano akanipa alama 2 kati ya 5.

Misuli ya sakafu ya nyonga imetandazwa kama kitanda cha kamba, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu yake vimekaa kibofu, mji wa mimba na utumbo wa mwisho. Ukisukuma chini unazidi kulegeza kamba, na ndicho nilichokuwa nafanya.

Lala chali, kunja magoti. Sasa, samahani kwa lugha, jifanye unazuia ushuzi mbele ya wakwe. Mvuto ule wa nyuma uulete mbele, kama unayezuia mkojo, kisha upandishe ndani, kuelekea kitovuni. Makalio yasiinuke, mapaja yasikazane. Hesabu kwa sauti: ukiweza kuhesabu, basi pumzi hujaizuia. Mimi nilishika kioo kidogo nikatazama. Nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa inapaswa kuingia ndani. Ikitokeza nje, unasukuma. Wanaume nao wana misuli hii, na wengi huihitaji baada ya upasuaji wa tezi dume. Kwao dalili ni shina la uume kuvutika ndani na korodani kupanda kidogo.

Usifanye mazoezi kwa kukatiza mkojo chooni. Mara moja kwa kuitambua misuli, sawa. Ukizoea, kibofu kinaweza kubaki na mkojo.

Nilianza kwa kushikilia hadi tatu, kwa sababu nne sikuiweza. Achia kabisa, pumzika muda uleule, rudia mara 8 hadi 10. Kisha bana na kuachia haraka mara 10. Hiyo ni awamu moja. Kwa siku ni tatu. Lengo ni kufika sekunde 10, kwanza ukiwa umelala, halafu umekaa, halafu umesimama. Vumilia angalau miezi mitatu. Mimi niliyafunga na kunyonyesha: mtoto akishika ziwa, nami naanza.

Kilichonisaidia mapema kuliko vyote ni kubana sekunde moja kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kumwinua mtoto. Kabla, si baada. Na unapoinua kitu, toa pumzi.

Watu huyaita mazoezi ya Kegel, kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa Marekani aliyeyaandikia mwaka 1948. Jambo linalosahaulika ni kwamba Kegel hakuwaambia wanawake wabane tu wakaenda zao. Alitengeneza kifaa cha kupima mbano ili mwanamke aone kama anafanya sawasawa.

Kupimwa kuna sababu nyingine. Rafiki yangu mmoja alikuwa na maumivu wakati wa tendo la ndoa na mkojo ulichelewa kuanza. Akayafanya haya kwa bidii, akaumia zaidi. Misuli yake haikuwa dhaifu, ilikuwa imekaza. Yeye alianzishwa na kuachia: kuvuta pumzi taratibu hadi tumbo lijae, na kuacha nyonga ilegee. Ukiona dalili kama zake, usianze kubana.

Chooni, kama ni cha kukalia, weka miguu juu ya kigoda, inama mbele kidogo, usikamue. Na acha kwenda haja ndogo "kwa tahadhari tu" kila unapotoka nyumbani. Kibofu kinazoea kuita kikiwa nusu.

Damu kwenye mkojo, mkojo kuchoma au uvimbe unaotokeza ukeni ni vya kumwonyesha daktari. Ganzi ya ghafla katikati ya mapaja, pamoja na kushindwa kukojoa au kuzuia haja, ni dharura ya siku hiyohiyo.

Mwezi wa tatu nilipimwa tena, nikapata 4. Na mtoto wangu mkubwa tunaruka kamba, ingawa kibofu kikijaa sana bado najua. Siku hizi nafanya awamu moja tu, nikipiga mswaki.