Siti ya ngozi isiharibiwe na mvua: anza na chini yake

Mvua za huku kwetu kusini, Mtwara, zikishaanza, Novemba au Desemba mpaka kwenye Aprili huko, ndo kipindi siti za ngozi za baiskeli zinakufa, na zinakufa zikiwa bado na miaka mingi ya kumtumikia mtu, hiyo ndo inaniuma. Kama una Raleigh ya babu yenye siti yake ya zamani au umebahatika kupata siti ya Brooks ya mtumba, soma hii taratibu kabla mawingu hayajajikusanya kule baharini.

Kwanza ujue siti yenyewe ilivyo. Siti ya ngozi ya kweli haina sponji ndani wala plastiki, ni kipande kimoja tu cha ngozi nene, milimita 5 hivi, kimevutwa kutoka chuma cha nyuma mpaka kwenye pua ya mbele kikapigwa ribiti. Yaani umekalia ngozi inayoning'inia hewani, basi. Brooks walianzia Birmingham, Uingereza, mwaka 1866 wakitengeneza vifaa vya farasi vya ngozi, baadae ndo wakahamia kwenye siti za baiskeli, na zile za ngozi wanazotengeneza leo ukizigeuza chini utakuta mpango ni ule ule, ngozi, ribiti, chuma. Ikiwa kavu inakubeba bila wasiwasi. Ikiloa nyuzi zake zinalegea, na we ukiikalia hivyo hivyo na kilo zako 70 na mashimo ya njiani, inavutika, na ikishavutika hairudi yenyewe. Ndo unaona siti imebonyea katikati, pembeni imepanuka kama masikio, ukikaa unagusa chuma.

Sasa watu wengi wakisikia mvua wanawaza maji ya juu tu. Juu kuna shida ndogo, ngozi ya juu imelainishwa na imeshiba mafuta na jasho la miaka, maji yanateleza kidogo kabla hayajaingia. Chini ndo kuko wazi, ile nyama ya ngozi haijafunikwa na kitu chochote, na tairi la nyuma linazunguka hapo hapo likirusha maji na mchanga moja kwa moja. Toka Mtwara mjini mpaka Naliendele kwenye mvua bila madigadi, afu ukifika pitisha kidole chini ya siti. Utatoa tope jekundu limejishindilia kwenye kona ya nyuma, na ukibonyeza ngozi hapo kidole kinazama kidogo. Na juu unaweza kukuta pakavu kabisa! Mtu kafunika siti yake na nailoni safari nzima, anafika anashangaa imelegeaje.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni madigadi ya nyuma, ile ndefu ya bati inayoshuka vizuri, hizi fupi za plastiki za baiskeli za kisasa zinapeleka maji popote zinapotaka. Kama fremu yako haina pa kufunga, mwambie fundi akukatie kipande cha dumu la mafuta la lita 20, kiwe kipana kuzidi tairi, akifunge kwenye vyuma vya chini ya siti kwa waya au tai za plastiki kikielekea nyuma. Sio kizuri machoni lakini kinafanya kazi. Mwenye keria asijidanganye kwamba keria inatosha, ina matundu, labda awe amefunga ubao au kiroba juu yake.

Kufunika juu ni kwa ajili ya baiskeli iliyosimama, umeenda Sokoni Chikongola au uko msikitini mvua ikanyesha. Zamani ilikuwa rahisi unavuta rambo unaivisha, ila mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na kusema ukweli rambo lenyewe lilikuwa linatoboka upesi. Tafuta ile kofia ya nailoni ya kuogea ya kina mama, ina lastiki pembeni, inakaa kwenye siti vizuri sana na ukikunja inaingia mfukoni. Au kata kipande cha turubai jepesi, kizidi siti pande zote, tia kamba pembeni uvute. Kiroba cha mchele cha kawaida kimesukwa, maji yanapita, usikitegemee.

Ila hapa naomba unisikilize, kifuniko kivuliwe ukifika nyumbani. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi hata siku isiyo na mvua, ukiacha ngozi imefungwa ndani ya nailoni usiku na mchana inatoka jasho humo humo na kuvu inaota, ile nyeupe ya unga unga. Ikitokea, futa kwa kitambaa kikavu, acha hewa ipite, halafu paka mafuta.

Na mafuta gani? Hapa kila mtu ana dawa yake na nyingi ni za kuharibu. Mafuta ya nazi tunayo tele lakini ni mepesi, yanazama yanailainisha ngozi mpaka inakosa ule ugumu unaoibeba, na siti laini inabonyea hata bila mvua. Mafuta ya kupikia hivyo hivyo. Oili chafu hapana. Mafuta ya ganda la korosho usithubutu, yanababua ngozi yako mwenyewe sembuse ya siti. Kiwi ya viatu inang'arisha, ila itahamia kwenye suruali. Unachotaka ni kitu kizito chenye nta. Ile dawa ya kopo ya Brooks wenyewe ni mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na nta, na we unaweza kutengeneza ya kwako: nta ya nyuki kwa wauza asali sehemu moja, mafuta ya ng'ombe ya buchani yaliyoyeyushwa na kuchujwa bila chumvi sehemu mbili, weka kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke juu ya jiko moja kwa moja yatashika moto. Yakipoa yanaganda. Juu paka kidogo sana kwa kitambaa, acha usiku kucha, asubuhi sugua. Chini usibane mkono, paka ya kutosha, hasa kwenye mikunjo na kuzunguka ribiti. Ukiona ribiti za shaba zimetoa kitu cha kijani usiogope, ni shaba imekutana na mafuta, futa tu. Kabla ya mvua mara moja, katikati ya msimu nyingine, zinatosha, ukizidisha unalainisha bure.

Haya, imeloa tayari. Usiikalie. Kama bado uko njiani na huna namna, simamia pedali kwenye mashimo, pumzisha ile siti. Ukifika futa, toa tope kwa maji safi kidogo, chomeka magazeti chini yake yanyonye, badilisha yakiloa, weka kivulini panapopita upepo siku moja au mbili. Shida ya huku jua linawaka dakika tano baada ya mvua na mkono unawasha kuanika baiskeli uani. Na wengine wanaleta mambo ya ngoma, kwamba ngoma ikilegea si tunaipasha motoni inakaza? Ngoma ni ngozi mbichi iliyokaushwa, imewambwa kwenye mti mgumu pande zote, inavumilia. Ngozi ya siti imetiwa dawa ya magome, ikiwa imeloa na ikakutana na moto au jua kali inasinyaa, inakuwa ngumu kama ganda na kupasuka pale pale kwenye ribiti. Kivulini. Mafuta upake ikishakauka kabisa.

Ikikauka ndo uangalie ile nati ya mvutano iliyo chini ya pua. Piga siti kwa kidole, ikitoa mlio mkavu acha kama ilivyo. Ikiwa imelegea kweli, kaza robo mzunguko, endesha siku kadhaa, uangalie tena. Wapo mafundi wanaikaza kwa nguvu zote siku moja, au ikiwa bado ina maji, na ngozi inachanika kwenye ribiti za mbele. Kama unampelekea fundi mwambie kabla hajashika spana.