Kubadili brekishuu za nyuma na kuset dramu mwenyewe nyumbani (IST, Vitz, Probox na ndugu zao)

Wadau, kama uko Mwanza na unaendesha hizi Toyota ndogo ndogo, nyuma kwa kawaida una dramu (lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi, ndani yake shuu mbili zilizopinda zinatanuka kulishika), na kama nyumbani ni Bugando, Isamilo au Capri Point kule juu, basi handibreki unaitegemea kila jioni ukipaki. Dalili za shuu kuisha mnazijua: handibreki inapanda mpaka inakaribia kukugusa kiwiko ndo ishike, pedali inashuka kuliko zamani, au ukikanyaga unasikia chuma kinasaga chuma. Sasa wengi wakifika hapo wanaenda gereji, fundi anafungua pale kati ya siti anakaza kebo ya handibreki, unalipa, gari inashika siku chache halafu yale yale. Hiyo sio dawa kabisa. Kebo inaguswa mwisho, shuu zikishasetiwa ndani ya dramu. Ukianza na kebo unakuwa umezivuta shuu zikae nusu zimefunguka muda wote, ule mkono wa handibreki kule ndani haurudi mahali pake, na ajasta (kile kijiti chenye uzi na meno kinachozitanua shuu kadiri zinavyoisha) inayotakiwa kujikaza yenyewe inaacha kufanya kazi.

Vitu vya kuandaa: jeki, stendi mbili, wili spana ya 21, plaizi ya kawaida na ya mdomo mrefu, bisibisi bapa mbili, nyundo, bolti mbili za milimita 8, msasa, grisi inayovumilia moto, barakoa na ndoo ya maji ya sabuni. Shuu zinauzwa seti ya nne, unabadili kulia na kushoto siku moja hata kama upande mmoja bado unaonekana mzima, la sivyo gari itavuta upande. Usinunue kwa kutaja jina la gari tu. Fungua kwanza, mpe kijana shuu ya zamani apande nayo bodaboda aende duka la spea azilinganishe ana kwa ana, mkunjo, upana na matundu ya springi, maana IST na IST hazifanani zote. Kuna wanaogongelea lainingi (ile sehemu ya shuu inayosuguana na dramu) mpya kwenye shuu za zamani, kwa lori sawa, kwa gari ndogo mimi nachukua mpya, tofauti ya bei haitoshi kunishawishi.

Kupandisha gari. Tafuta sehemu tambarare na ngumu, sio mchanga. Hizi gari zinavuta mbele, kwahiyo ukiweka P (au gia ya kwanza kama ni manyuo) matairi ya mbele yanakaba, na bado weka mawe mbele na nyuma ya tairi, mawe hapa kwetu hayajawahi kuwa shida. Ila gari lenyewe usilikalishe juu ya jiwe wala tofali, tofali linapasuka bila kukuaga. Stendi tu. Legeza nati za tairi kabla ya kunyanyua, halafu shusha handibreki mpaka chini, wapo wanaoisahau juu wanabaki kupigana na dramu nusu saa.

Kutoa dramu. Likigoma usilipige kwa hasira. Angalia usoni kwake kuna matundu mawili yenye uzi, ingiza zile bolti za 8, kaza hii kidogo na ile kidogo kwa zamu, linajisukuma lenyewe. Kama linacheza lakini haliji, ujue shuu zimechimba ndani na kuacha ukingo wa kutu pembeni, hapo nenda nyuma ya bamba (ile sahani ya chuma iliyobeba shuu), toa kile kimpira kidogo, ingiza bisibisi moja usukume kile kiulimi cha ajasta kikae mbali na meno, na bisibisi ya pili uzungushe meno kulegeza.

Likitoka utakuta vumbi jeusi. Usipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, lainingi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto na hujui zilizomo humo zilitoka wapi. Vaa barakoa, lowanisha kwa maji ya sabuni, futa kwa tambara. Petroli achana nayo, inakula mipira ya silinda, ile yenye pistoni zinazosukuma shuu ukikanyaga pedali.

Sasa piga picha. Nyingi, za karibu, hasa springi ya juu imeingia tundu lipi. Na fungua upande mmoja tu kwanza, ule mwingine ubaki mzima uwe wa kuangalizia. Toa springi ya kurudisha kwa plaizi, halafu vile vikofia viwili vinavyoshikilia shuu: kidole kimoja nyuma ya bamba kishike pini, plaizi mbele ibonyeze kikofia na kukizungusha robo, kinachomoka. Kati ya shuu mbili za tairi moja, ile iliyoelekea nyuma ya gari ina mkono wa handibreki umeshikwa na klipu ya herufi C, shuu mpya mara nyingi inakuja bila huo mkono, kwahiyo uhamishe kutoka ya zamani. Kwa muda wote huo mtu asikanyage pedali! Pistoni zitaruka nje na kazi itakuwa nyingine.

Kabla ya kufunga angalia silinda. Inua ukingo wa kimpira chake kwa bisibisi taratibu. Ukiona pakavu au unyevu kidogo tu wa vumbi, sawa. Ukiona mafuta ya breki yanang'aa na kutiririka, silinda imekufa, usifunge shuu mpya juu yake maana mafuta yakishaingia kwenye lainingi hiyo shuu ni ya kutupa. Ukibadili silinda itabidi utoe upepo: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine analegeza nipo (kale kabolti ka kutolea upepo nyuma ya silinda), mafuta yanatoka, anafunga, ndo yule anaachia. Rudia mpaka mapovu yaishe, na kopo la mafuta ya breki kule kwenye boneti lisikauke. Weka mafuta ya breki ya DOT 3 kama mfuniko unavyosema, oili ya injini hapana.

Dramu nalo lipitishe kucha ndani, mikwaruzo midogo inaisha na msasa. Kipenyo cha mwisho kimeandikwa kwenye dramu lenyewe, la milimita 200 kwa mfano huwa mwisho 201. Likipita hapo usilipeleke kuchongwa, nunua jingine.

Ajasta ndo moyo wa kazi. Ifungue yote, safisha uzi wake, paka grisi kidogo, irudishe iwe fupi kabisa. Ya kulia na ya kushoto hazibadilishani, uzi wake umekatwa kinyume, ukizichanganya kila inapotakiwa kujikaza inajilegeza, na utahangaika mwezi mzima hujui kwanini. Grisi nyingine weka nukta tu pale shuu zinapogusa bamba. Kwenye lainingi isifike hata alama ya kidole.

Rudisha kila kitu kwa kufuata picha, gonga shuu kwa mkono zikae katikati, valisha dramu. Likiingia kirahisi mno na kucheza, litoe, ongeza meno kadhaa ya ajasta, valisha tena. Unatafuta liingie likiwa linagusa kwa mbali. Fanya hivo pande zote mbili, halafu kanyaga pedali mara kadhaa shuu zijipange, rudi kwenye lile tundu la nyuma, kaza ajasta mpaka dramu likatae kuzunguka kabisa, kisha rudisha jino kwa jino mpaka lizunguke kwa mkono huku likitoa sauti ndogo ya shii. Kulia na kushoto zilingane. Ukivuta na kushusha handibreki au kukanyaga pedali, kwenye gari nyingi utasikia tik ya kiulimi cha ajasta kule ndani mpaka nafasi iishe.

Hapo sasa ndo unaangalia kebo. Mara nyingi hutagusa kitu. Kama bado handibreki inapanda sana, kaza nati yake kidogo, shusha, na hakikisha matairi yote ya nyuma yanazunguka huru. Lisipozunguka umezidisha.

Funga matairi, nati kwa msalaba, Toyota nyingi za aina hii zinakazwa kwa nguvu ya Nm 103. Kabla ya kuondoka pampu pedali iwe ngumu. Jaribu kwanza mwendo mdogo sehemu tambarare, mlima wa Bugando utakusubiri, na kilomita za mwanzo shika breki kwa ulaini kwasababu lainingi mpya bado haijakaa sawa na dramu. Ukirudi sogeza mkono karibu na rimu zote mbili za nyuma: moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, legeza ajasta ya upande huo meno mawili matatu ujaribu tena. Na msimu wa mvua, au ukitoka kuosha gari, kama umepaki tambarare usiiache handibreki imevutwa usiku kucha, weka P na jiwe, shuu zilizolowa hupenda kugandana na dramu mpaka asubuhi.