Ukitaka kuandika habari za helikopta na ndege ndogo ukiwa Kigoma

Vijana wa habari huniuliza kama mwandishi wa kujitegemea anaweza kuishi kwa kuandika helikopta na ndege za kukodi akiwa Mwanga, hapa Kigoma, badala ya Dar es Salaam. Anaweza. Huku kwetu ndege ndogo ni chombo cha kazi: zinapeleka watalii Mahale na Katavi, zinaleta wakubwa, na kampeni zikianza chopa zinashuka kwenye viwanja vya mpira. Wenzako wataandika nani kashuka. Wewe andika safari yenyewe: ndege gani, nani anaiendesha, imekodiwa kwa kazi gani na imetua kwa ruhusa gani.

Anza na namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni au mkiani. 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 9U Burundi, 9Q Kongo, 9J Zambia. Herufi hizo zinakuambia ilikosajiliwa tu. Ya 5Y inaweza kukodiwa na mtu wa nchi yoyote. Nakili zote, piga picha, kisha waulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga nani ana leseni ya kuiendesha kibiashara. Usitegemee ramani za kufuatilia ndege kwenye simu, maana ndege ndogo inayopita chini huku mara nyingi haionekani.

Halafu jua aina. Cessna Caravan ina injini moja, bawa liko juu na magurudumu hayakunjwi. PC-12 nayo ina injini moja, ila bawa liko chini na mkia una umbo la T. King Air ina injini mbili. Ukiandika "ndege ndogo aina ya Cessna" ukaishia hapo, ni kama kuandika "gari aina ya Toyota".

Kwenye mafuta kaa sana, kuna habari nyingi humo. Robinson R44, helikopta ndogo ya viti vinne, ina injini ya pistoni na inatumia avgas, petroli ya ndege, ambayo haipatikani kila kiwanja. AS350 ya Airbus, ambayo siku hizi inaitwa H125, ina injini ya tabaini na inatumia Jet A-1, ndugu wa mafuta ya taa. Tofauti hiyo peke yake inaamua nani anaweza kufika porini na kurudi bila kupeleka mapipa mbele. Nenda asubuhi kabla hawajaruka, umtazame rubani akikinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi kwenye chombo cheupe kinachoonesha, akikiinua kwenye mwanga. Avgas aina ya 100LL ni ya bluu. Kama kuna maji, utayaona yamejitenga chini, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta. Mwombe akueleze huku anafanya. Rubani akiwa kazini huongea vizuri kuliko akiwa kwenye kiti cha mahojiano.

Jifunze na joto. Tabora iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba hewa inakuwa nyepesi, injini inapungua nguvu na panga za helikopta zinapata shida kuinua mzigo. Rubani anaacha mizigo, au anaacha mtu. Aliyeachwa atalalamika kwamba kabaguliwa, na gazeti likiandika hivyo bila kumuuliza rubani uzito na joto la saa ile, msomaji amedanganywa.

Saa nazo zina utaratibu wake. Marubani hutumia saa za UTC, yaani saa za pamoja za dunia nzima: saa tatu asubuhi ya Kigoma ni 09:00 kwenye simu yako na 06:00 kwao. Burundi na Kongo ng'ambo ya ziwa wako nyuma yetu kwa saa moja. Andika zote kwenye daftari.

Kabla ya kufika maegesho ya ndege, zungumza na meneja wa kiwanja na uwe na kitambulisho cha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Droni bila kibali iache nyumbani. Panga za helikopta zikiwa zinazunguka, subiri ishara ya rubani, umkaribie kwa mbele anakokuona, umeinama kidogo. Usipite nyuma kamwe: panga la mkia likizunguka halionekani vizuri, nalo linaua.

Ajali ikitokea, tulia. Oktoba 2015 mbunge wa Ludewa, Deo Filikunjombe, alifariki helikopta ilipoanguka Selous, na tangu hapo kila chopa ikipata hitilafu watu wana sababu mkononi kabla ya wachunguzi hawajafika. Uchunguzi hufuata Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga: lengo ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa, na ripoti ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30. Siku ya kwanza andika usajili, aina, saa, idadi ya watu na hali ya hewa. Majina yasubiri familia iambiwe. Rubani aliyekufa hawezi kujitetea, kwa hiyo usimbebeshe kosa kwa maneno ya mtu aliyekuwa sokoni.

Kuhusu pesa, safari moja iuze mara mbili, kwa habari mbili tofauti. Gazeti la Kiswahili linataka abiria na nauli. Majarida ya nje kama Vertical, la helikopta, au AIN, linaloandika ndege za kukodi na za kampuni, yanataka mashine, mwendeshaji na shida aliyoitatua. Mwandikie mhariri aya moja tu yenye usajili, mahali na kwa nini sasa. Ukipewa kiti cha bure, mwambie mhariri kabla hujapanda. Kampuni moja iliwahi kunipa kiti kwa sharti la kusoma habari kwanza. Nilikataa, nikapanda basi.

Mkubaliane mapema bei, idadi ya maneno, haki za picha na siku ya malipo, na ankara uitume pamoja na habari.