Kurusha shilingi kwa fotoni, Mtwara hadi Nachingwea

Somoe wa Mtwara mjini na Hamisi wa Nachingwea wanagombea lori moja la kubebea korosho. Wamekubaliana warushe shilingi, lakini kila mmoja yuko kwake. Nani airushe? Hapa anayeogopwa ni mwenzako mwenyewe, si mdukuzi wa pembeni. Wanasayansi Bennett na Brassard waliligusa jambo hili mwaka 1984, katika andiko lao lilelile la kugawana funguo za siri kwa fotoni, yaani chembe za mwanga. Utaratibu wao ni huu:

1. Somoe anachagua kimoyomoyo mfumo mmoja wa kuelekeza mtetemo wa mwanga: wima na mlalo, au mishazari miwili. Katika kila mfumo, mwelekeo mmoja ni 0 na mwingine ni 1.

2. Anaandika mfuatano wa 0 na 1 bila mpangilio, kisha anatuma fotoni mojamoja, zote kwa mfumo huo.

3. Hamisi anapima kila fotoni kwa mfumo wa kubahatisha, anajaza majedwali mawili, moja la kila mfumo. Tulia hapa. Majedwali hayamwambii chochote kuhusu chaguo la Somoe, kwa sababu mchanganyiko sawa wa wima na mlalo hautofautiki na ule wa mishazari kwa kipimo chochote kile.

4. Hamisi anakisia mfumo wa Somoe. Akipatia, lori lake.

5. Somoe anataja mfumo na kusoma mfuatano wote. Jedwali la mfumo huo lazima likubaliane naye lote. Akidanganya mfumo, itabidi abahatishe, kwa kuwa fotoni ikipimwa kwa mfumo usio wake hutoa jibu la bahati tu: kwa fotoni 20 zilizomo kwenye jedwali hilo, nafasi yake ni 1 kati ya 1,048,576.

Maswali

*Mwanachama wa Masasi:* Mwalimu, Somoe hawezi kuiba?

Anaweza, na Bennett na Brassard wenyewe walilisema mlemle kwenye andiko lao. Anatengeneza fotoni pacha zilizofungamana, yaani zikipimwa kwa mfumo mmoja majibu yake huendana, anatuma moja, anabaki na ya pili. Akishasikia Hamisi kakisia nini, anapima zake kwa mfumo wa pili, na jedwali linakubali. Kuhifadhi fotoni ni kazi ngumu, ila mimi sikubali usalama unaotegemea uduni wa vifaa vya mwenzako.

*Mwanachama wa Kilwa:* Si tuongeze hatua, mwalimu?

Haisaidii, dada, maana mfumo anaouchagua Somoe ni kama siri aliyoifunga kwenye bahasha. Mwaka 1997 mtafiti Mayers, na kwa upande wao wenzake Lo na Chau, walithibitisha kwamba ahadi ya biti, yaani zabuni ndani ya bahasha iliyofungwa, haiwezi kuwa salama kabisa kwa kwantamu, yaani kanuni za chembe ndogo kama fotoni, peke yake. Bahasha ikificha vizuri, mwenyewe anaweza kubadilisha kilichomo.

*Mwanachama wa Ruangwa:* Kwa hiyo lori ndiyo basi?

Hapana. Kama hatujui nani anataka upande gani, mtafiti Kitaev alionyesha kuwa daima mmoja wao anaweza kulazimisha matokeo kwa uwezekano usiopungua asilimia 70. Hawa wawili tunajua wanachotaka: kila mmoja anataka ashinde. Kwa hali hiyo mtafiti mwingine, Mochon, alithibitisha mwaka 2007 kwamba faida ya mwizi inaweza kushushwa karibu na sifuri kadiri upendavyo, ingawa mizunguko ya kutumiana ujumbe inakuwa mingi mno.